Je, Wajua? Kumbo Nalo Lina Mwalimu

Huku Plateau, nje kidogo ya Eldoret, barafu tunayoijua ni ile inayoshuka na mvua ya mawe. Hupiga mabati, huchanachana majani ya mahindi, na nusu saa baadaye imeshayeyuka ikamwachia mkulima hasara. Hakuna aliyewahi kuvaa viatu vyenye makali ya chuma akateleza juu yake. Hata hivyo, nimekaa majuma kadhaa nikisoma habari za hoki ya barafuni, mchezo wa watu wa Canada, Urusi na Sweden. Nilivutwa na swali linaloniandama kila ninapotazama vijana wetu wakicheza raga baada ya masomo: mtoto afundishwe kugongana na mwenzake akiwa na umri gani, na huyo anayemfundisha awe amefundishwa na nani? Wenye barafu wamelishughulikia swali hilo kwa miaka mingi, na baadhi ya majibu yao yanatufaa hata sisi wa nyasi na vumbi.

Je, wajua kwamba Kenya ina timu ya hoki ya barafuni?

Inaitwa Ice Lions. Makao yake ni ukumbi mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Kwa miaka mingi wachezaji hao walikuwa wakigawana pande mbili na kucheza wao kwa wao, maana hapakuwa na timu nyingine nchini. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwasafirisha hadi Canada, na huko wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya watu wasiowajua. Waliojiunga nao siku hiyo, wakavaa jezi ya Kenya, ni Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wawili kati ya wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huo duniani. Septemba 2024 Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni likaipokea Kenya kuwa mwanachama.

Hoki ya nyasini tuliijua zamani. Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona, mwaka 1971, na Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972. Waluo nao wana adhula, mchezo wao wa jadi wa fimbo na mpira. Lakini katika hoki ya nyasini, ukimsukuma mwenzako kwa mwili refa anapuliza kipenga. Barafuni, kwa watu wazima wa kiume, kumsukuma ni sehemu ya mchezo.

Je, wajua kumbo halali ni lipi?

Linapigwa kwa bega au kwa nyonga, kutoka mbele au ubavuni, kwa mchezaji mwenye kile kisahani cha mpira kinachogombewa peke yake, na lengo lake ni kumtenga na kisahani. Kumpiga mtu kichwani ni kosa. Kumsukuma kwa nyuma akiwa ameelekea ukuta wa mbao unaozunguka uwanja ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu utosi hutangulia kwenye mbao, shingo ikiwa imeinama, na uti wa mgongo unaweza kuvunjika. Ndiyo maana watoto wa huko hufundishwa mapema sana kuinua kichwa wanapokaribia ukuta. Kichwa kikiwa juu, shingo hupinda kidogo inapopigwa, lakini ikiwa imeinama hunyooka ikabeba uzito wote kama nguzo.

Je, wajua kwamba tofauti ya majimbo mawili ilimaliza mabishano ya miaka?

Kisa hiki ndicho kilichonifanya niandike ukurasa huu.

Nchini Canada wazazi na makocha walikuwa wakibishana. Wengine walisema mtoto aanze kupigwa kumbo akiwa mdogo ili alizoee. Wengine wakasema unamvunja kabla hajakomaa. Kila upande ulikuwa na hoja, na hakuna aliyekuwa na hesabu. Sasa, katika jimbo la Alberta watoto wa miaka 11 na 12 waliruhusiwa kupigana kumbo, na katika jimbo la Quebec walizuiwa hadi wafike miaka 13. Ni nchi moja na barafu ile ile, na watoto ni wa rika moja. Mtafiti Carolyn Emery wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake wakaiona nafasi hiyo. Wakawafuatilia watoto 1,108 wa Alberta na 1,046 wa Quebec kwa msimu mzima, wakaandika majeraha yaliyotokea katika mechi na mazoezini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Alberta, majeraha 241, na 78 kati ya hayo yalikuwa mitikisiko ya ubongo. Quebec, majeraha 91, na mitikisiko 23. Saa za kucheza zilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kwa hesabu yao, hatari ya mtoto wa Alberta kuumia katika mechi ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya mtoto wa Quebec.

Mwaka uliofuata, 2011, Marekani ilipandisha umri wa kuanza kumbo hadi miaka 13. Mwaka 2013 Canada nzima ikafuata. Watafiti walipopima tena Alberta baada ya sheria mpya, majeraha ya watoto wa miaka 11 na 12 yalikuwa yamepungua kwa nusu, na mitikisiko ya ubongo kwa asilimia 64. Hakuna kofia mpya iliyobuniwa wala hospitali iliyoongezwa. Kilichobadilika ni sentensi moja kwenye kitabu cha kanuni.

Haki inataka niseme na upande wa pili. Watafiti hao hao waliwaangalia vijana wa miaka 13 na 14, rika ambalo majimbo yote mawili yaliruhusu kumbo. Mitikisiko ya ubongo haikutofautiana. Lakini yale majeraha ya kumweka mtu nje zaidi ya wiki yalikuwa machache kwa theluthi moja miongoni mwa wale waliokuwa wamekwisha kulizoea kumbo. Kwa hiyo waliosema "azoee" hawakuwa wamekosea kabisa. Ujuzi unasaidia. Kilichobaki ni kuutafuta ujuzi huo mazoezini, polepole, chini ya jicho la mtu anayejua, badala ya kuuokota ndani ya mechi kwa gharama ya kichwa cha mtoto.

Je, wajua umri mmoja si mwili mmoja?

Chukua vijana wawili wa miaka 13. Mmoja bado mtoto, kilo 35, anakimbia mita 4 kwa sekunde. Mwenzake ameanza kuota ndevu, kilo 60, mita 6 kwa sekunde. Uzito wa wa pili haufiki hata mara mbili ya wa kwanza, lakini nishati anayoibeba ni karibu mara nne, kwa kuwa mwendo huzidishwa kwa wenyewe. Pale barafuni, ambapo miguu haipati mahali pa kukwama, hakuna breki ya bure. New Zealand wanalijua jambo hili katika raga: mjini Auckland yapo mashindano ya watoto yanayopangwa kwa kilo na si kwa umri pekee. Huku kwetu, katika timu moja ya shule unaweza kumkuta wa miaka 13 na wa miaka 17 wakijipanga mstari mmoja, na mwalimu akiwahesabu tu mpaka watimie wachezaji 15.

Je, wajua kumbo ni somo la mwisho?

Katika mafunzo ya makocha wa Marekani na Canada, kugongana kumegawanywa hatua nne. Ya kwanza ni kujipanga: kuteleza kwa pembe inayomfungia mpinzani njia, bila kumgusa. Ya pili ni kutumia gongo kumnyang'anya. Ya tatu ni mguso, bega kwa bega, wote wakielekea upande mmoja na kushindania nafasi. Ya nne ndiyo kumbo lenyewe. Mtoto anaweza kumaliza miaka kadhaa katika hatua tatu za mwanzo, na anayezijua vizuri hulihitaji kumbo mara chache, maana mpinzani ameshaishiwa njia.

Mtu hapewi timu ya watoto huko kwa sababu alikuwa nyota enzi zake. Marekani wana ngazi za vyeti, masomo ya ziada yanayolingana na umri wa watoto anaowafundisha, na mafunzo ya kuwalinda watoto dhidi ya unyanyasaji. Hilo la mwisho halina uhusiano na barafu hata kidogo, lakini mzazi yeyote ataelewa kwa nini limewekwa.

Je, wajua katika raga anayeangusha ndiye anayeumia zaidi?

Hapa ndipo mambo yanaturudia. Eldoret ni mji wa wakimbiaji, ila raga ina mizizi yake: Sepetuka Sevens iliwahi kuwajaza watu viwanjani mjini, na shuleni raga ya wachezaji 15 na ya wachezaji saba zimo katika ratiba ya michezo ya mwaka. Kenya ilipoicharaza Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore, Aprili 2016, kila kijana alitaka kushika mpira wa yai.

Wengi hudhani anayebeba mpira ndiye aliye hatarini. Uchunguzi wa Shirikisho la Raga Duniani uliopitia mechi za watu wazima ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya matukio ya kichwa yanayolazimu uchunguzi hutokea wakati wa kuangushana, na katika hayo, anayeangusha ndiye huumia mara nyingi, tena takriban robo tatu. Anapoingia akiwa amesimama wima, kichwa chake kiko sawa na kichwa, bega au kiwiko cha mwenzake. Akiinama kiunoni, macho juu, kichwa kikae upande wa nyuma wa mwili wa anayeangushwa na si mbele ya magoti yake, hatari hupungua. Mwaka 2019 Ufaransa iliamuru wachezaji wa ngazi za chini wakamatwe kuanzia kiunoni kwenda chini, baada ya vijana kadhaa kufa kutokana na mchezo huo. Uingereza nayo mwaka 2023 ikateremsha mpaka hadi chini ya mfupa wa kifua.

Kichwa kiende upande gani? Swali dogo hilo. Mtoto hawezi kulijibu peke yake akiwa anakimbia. Lazima awe ameonyeshwa, akapiga magoti, akarudia polepole mara mia, kwanza juu ya gunia, kisha juu ya mwenzake anayetembea, na mwisho anayekimbia.

Je, wajua cheti kimewahi kuokoa uti wa mgongo?

Niliwahi kudhani vyeti vya ukocha ni karatasi za kutafutia posho. New Zealand ilinibadilisha mawazo. Mwaka 2001 walianzisha mpango wa RugbySmart: kila kocha na kila refa ahudhurie mafunzo ya usalama kila mwaka, la sivyo hashiki timu wala kipenga. Kwa kufuata mwenendo wa miaka ya nyuma, watafiti walitarajia karibu majeraha 19 ya kudumu ya uti wa mgongo kati ya 2001 na 2005. Yakatokea 8. Katika skramu, pale vikundi viwili vya wachezaji vinapokutana vichwa, walitarajia 9. Likatokea moja. Majeraha yasiyotokea hayana sura wala majina, lakini hao ni watu 11 ambao hawakuingia kwenye kiti cha magurudumu.

Afrika Kusini ilifuata mwaka 2009 na mpango wake wa BokSmart, ukibebwa kwa pamoja na chama cha raga na mfuko wa wachezaji walioumia uliozaliwa mwaka 1980 baada ya kifo cha mchezaji Chris Burger. Kocha na refa wote hutakiwa kurudia mafunzo kila baada ya miaka miwili. Huko manufaa yalionekana zaidi kwa vijana kuliko kwa wakubwa, na sioni ajabu. Kijana bado anamsikiliza mwalimu.

Najua nitakachoambiwa na watu wa nyumbani. Brother Colm O'Connell alifika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika St. Patrick's, bila mafunzo ya ukocha wa riadha, na akawalea mabingwa wa dunia, David Rudisha akiwa mmoja wao. Mbona hakuhitaji cheti? Namheshimu sana mzee huyo, na ninavyomwelewa, alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake kwa subira isiyo ya kawaida. Lakini riadha inampa kocha nafasi ya kukosea. Ukimpa mkimbiaji mzunguko wa ziada, kesho ataamka na miguu mizito. Katika mchezo wa kugongana, kosa la kocha anayejifunza linaweza kutua shingoni mwa mtoto wa mtu jioni ile ile.

Je, wajua mtu anaweza kutikisika ubongo bila kuzimia?

Zaidi ya tisa kati ya kumi hawazimii. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Mwili unaposimama ghafla, ubongo wenyewe huendelea kusogea na kujipinda. Kofia ngumu huzuia fuvu lisipasuke, na kwa kazi hiyo ni kitu chema. Ila haiingii ndani kuushika ubongo. Ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini ilimpoteza Bill Masterton mwaka 1968 kwa jeraha la kichwa, na hata hivyo ilichukua hadi 1979 kulazimisha kofia kwa wachezaji wapya. Wa mwisho kucheza kichwa wazi alistaafu mwaka 1997.

Nikiwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, mwenzetu aligongwa katikati ya mechi. Aliinuka mwenyewe. Akauliza tunacheza na nani. Akauliza tena. Tukacheka. Mwalimu akammwagia maji kichwani, akampiga mgongoni kwa upendo kabisa, akamrudisha uwanjani. Mwalimu yule hakuwa mbaya. Alifanya alichofanyiwa yeye. Leo najua kwamba kuuliza swali moja mara mbili kulitosha kumtoa nje kwa siku nzima, hata kama angelia kutaka kurudi.

Kwa nini nje? Rowan Stringer wa Ottawa alikuwa na miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Mei 2013 aligongwa kichwani zaidi ya mara moja katika muda usiotimia wiki. Alikuwa ameshatafuta kwenye simu habari za mtikisiko wa ubongo, akishuku anao. Akacheza tena, akaanguka, akafa. Ubongo ambao haujapona, ukitikiswa mara ya pili, unaweza kuvimba kwa kasi isiyozuilika. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake: mchezaji anayeshukiwa atolewe mara moja, na asirudi hadi daktari aridhike. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya kawaida unasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Na shule huja kwanza: mtoto arudi darasani vizuri ndipo afikirie uwanja.

Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, akisinzia asiamshike, au shingo ikimuuma, usingoje mechi iishe. Shingo ikiuma asiinuliwe hovyo. Alazwe vile vile, kichwa kishikwe kitulie, hadi anayejua kumbeba afike. Kwetu kuna hospitali ya misheni hapa hapa Plateau, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza kama kituo kidogo mwaka 1917, iko mjini Eldoret.

Je, wajua kuna waliodhani mwinuko unalinda kichwa?

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba wanamichezo wa shule zilizo juu ya mita 183 kutoka usawa wa bahari walipata mitikisiko michache kwa asilimia 31. Walikisia kwamba mahali palipoinuka ubongo hujaa kidogo zaidi ndani ya fuvu, ukakosa nafasi ya kusukasuka. Eldoret iko takriban mita 2,100, kwa hiyo tungekuwa salama kuliko wote! Wengine walipopima wanafunzi wa vyuo wakapata kinyume chake. Hewa yetu nyepesi imetupa mapafu. Kwa kichwa tusiitegemee.

Je, wajua dakika 20 kabla ya mazoezi zina thamani gani?

Katika shule 40 za Uingereza, vijana wa miaka 14 hadi 18 walipewa mazoezi maalumu ya kupasha mwili: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri, na kuimarisha shingo. Timu zilizoyafanya angalau mara tatu kwa wiki zilipata mitikisiko michache kwa asilimia 59 kuliko zilizofanya mazoezi ya kawaida kwa kiwango hicho hicho. Shirikisho la Raga Duniani liliyasambaza kwa jina la Activate mwaka 2017, na masomo yake ya awali ya ukocha wa usalama yako kwenye intaneti bila malipo. Mwalimu wa michezo wa Plateau anaweza kuyamaliza kwa simu yake, bando likiwepo, jioni mbili tatu.

Zoezi la shingo lenyewe halihitaji hata mpira. Mmoja anapiga magoti na mikono chini, mgongo umenyooka kama meza. Mwenzake anaweka kiganja upande wa kichwa chake na kusukuma pole pole. Aliyepiga magoti anakataa kusogea. Wanahesabu hadi kumi, kiganja kinahamia upande wa pili, kisha kisogoni, kisha kwenye paji la uso, halafu wanabadilishana.